Mpwa Hakuua Duka

Katika semina za ujasiriamali, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi na katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara, kuna ushauri unaotolewa bila kupingwa: usiajiri ndugu. Ndugu atachelewa, na ukimgombeza atapiga simu kijijini. Atakopesha wateja bila kukuuliza, atachota mauzo, atakuita mjomba mbele ya watu pale ulipotaka akuite bosi. Ukimfukuza, mama yake hatatia mguu kwenye harusi ya binti yako. Mwishoni msemaji hutamka maneno mawili ambayo kila aliyeketi ukumbini anayajua, ndugu lawama, na watu huitikia kwa kicheko cha walioumia.

Ushauri huo unakubalika upesi kwa sababu karibu kila ukoo una duka lililofungwa na jina la ndugu aliyebebeshwa lawama. Hata hivyo ni ushauri mbovu. Unamkamata mtuhumiwa asiyehusika na kumwacha mwenye biashara huru kurudia kosa lile lile kwa mtu mwingine. Biashara nyingi za familia huangushwa na ajira isiyo ajira. Mtu anawekwa kazini bila mshahara, bila majukumu yaliyotajwa na bila kipimo, kisha anahukumiwa kwa kushindwa kufikia kiwango ambacho hakuwahi kuambiwa.

Wapinzani wa ajira za ndugu wana ushahidi, na ulio bora katika ushahidi wao unastahili kusomwa kwa haki. Mwaka 2007 Morten Bennedsen na wenzake watatu walichapisha utafiti kuhusu maelfu ya kampuni za Denmark zilizobadilisha wakuu wao. Waliangalia kama kifungua mimba wa bosi anayeondoka alikuwa wa kiume au wa kike, kwa kuwa pale alipokuwa wa kiume, kiti kilielekea zaidi kubaki ndani ya familia. Jibu walilolipata ni kali. Mwanafamilia alipopewa uongozi, faida ikilinganishwa na mali ya kampuni ilishuka kwa angalau pointi 4 za asilimia.

Karibu zaidi na nyumbani, Pamela Jakiela na Owen Ozier walichapisha mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililofanyika vijijini magharibi mwa Kenya. Washiriki walipewa fedha na kuachiwa wachague namna ya kuziwekeza. Wanawake walielekea kuchagua njia iliyoficha kiasi walichopewa, ingawa njia hiyo iliwapunguzia mapato. Waliojificha zaidi ni wale ambao ndugu zao walikuwepo pale pale.

Tafiti hizo mbili hutajwa kana kwamba zimefunga mjadala. Hazijaufunga. Ule wa Denmark unahusu kiti cha juu kabisa, kinachokabidhiwa kwa kuzaliwa, na hausemi lolote juu ya kijana anayepima misumari au anayeendesha kirikuu cha kupelekea wateja saruji. Ule wa Kenya unaonyesha watu wanaokimbia madai yasiyo na mpaka, yaani ndugu anayeweza kuomba wakati wowote, kiasi chochote, kwa sababu yoyote. Hapo hoja inageuka. Mshahara unaojulikana ni mpaka. Ndugu anayelipwa tarehe 30 anaweza kuambiwa asubiri tarehe 30, lakini asiyelipwa kabisa atabaki na haki ya kuomba kila siku, na kila shilingi atakayoichukua ataihesabu kuwa ni malipo yaliyochelewa.

Wanaoamini kuwa undugu ndio sumu wangefaidika kwa kutazama miaka ishirini ya maduka makubwa ya Kenya. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya serikali, na haikuwa ya baba wala mjomba wa mtu. Ilifunga milango Juni 2006 ikiwa imeelemewa na madeni, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, ikarudi katika soko la hisa la Nairobi mwaka 2011, kisha ikaanza kuporomoka tena. Mwaka 2015 ilifunga matawi yake ya Tanzania na Uganda. Hakuna mpwa wa kulaumiwa hapo.

Nakumatt, iliyokuwa chini ya familia, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Tuskys, iliyomilikiwa na watoto wa mwanzilishi, Joram Kamau, ilishuhudia ndugu wakipelekana mahakamani, na kufikia mwaka 2020 ilishindwa kuwalipa wasambazaji wake. Hao wawili ndio wanaotajwa kila semina. Anayesahaulika ni wa tatu. Naivas ilianzishwa na Peter Mukuha Kago mwaka 1990, ikaachwa mikononi mwa watoto wake alipofariki mwaka 2010, na nayo ilipita katika kesi ya urithi baina ya ndugu. Haikuanguka. Mwaka 2020 iliwaingiza wawekezaji wa nje, na mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius pamoja na washirika wake wakanunua asilimia 40. Leo ina matawi zaidi ya 100.

Minyororo minne ya maduka iliuza unga, sabuni na maziwa katika nchi moja, kwa wateja wale wale. Uliokosa ndugu ulianguka mara mbili, na katika mitatu ya familia ulisimama mmoja. Undugu peke yake hauelezi matokeo hayo. Yanaelezwa vizuri zaidi na deni, malipo ya wasambazaji na vitabu vya hesabu, kwa kuwa mwekezaji wa nje hatoi mabilioni yake kabla ya kuvifungua vitabu hivyo na kuvikagua ukurasa kwa ukurasa.

Mtu atasema hayo ni makampuni makubwa na duka la mtaani ni jambo lingine. Ni kweli, na dukani ndiko hoja ya semina inakoshindwa vibaya zaidi. Sera ya Tanzania ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inaitambua biashara ndogo kabisa kuwa ile yenye mtu 1 hadi 4. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta zaidi ya biashara milioni 3 ndogo na za kati, zikiwa na watu wapatao milioni 5 kazini, ambao ni wastani usiofika watu wawili kwa biashara. Katika ulimwengu wa namna hiyo, kumwambia mwenye duka asiajiri ndugu ni kumwambia asiajiri kabisa.

Basi ajira hiyo ya ndugu huwaje? Kijana amemaliza kidato cha nne kule Singida. Dada wa mwenye duka anapiga simu: "Kaka, mchukue mpwao akusaidie, hapa anazurura tu." Kijana anafika na begi, anapewa godoro sebuleni, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi anafungua duka. Hakuna anayemwambia atalipwa nini. Anakula nyumbani, anapewa ya soda, na Idi au Krismasi ananunuliwa shati. Mchana anatumwa kuwachukua watoto shule, Jumanne anampeleka bibi kliniki, Jumamosi anaosha gari. Katikati ya yote hayo anatakiwa auze, apange stoo, aandike madeni na kufunga hesabu. Miezi minane baadaye mauzo hayalingani na mzigo, na mjomba anatangaza kwenye kikao cha familia kwamba kijana ni mzembe, pengine mwizi.

Huenda ni mzembe kweli. Lakini mjomba hana njia ya kujua. Duka halikuhesabiwa siku kijana alipolipokea, kwa hiyo upungufu unaweza kuwa ulikuwepo kabla yake. Mwenye duka mwenyewe huchota droo kununua mboga, mke wake huchukua mafuta ya kupikia bila kuandika, na mtoto hujichukulia biskuti. Mpwa ni mtu wa mwisho kuigusa droo hiyo, na ndiye pekee asiyeweza kusema kwa sauti kwamba wengine nao wanaigusa.

Kazi yenye kipimo haina mabishano ya aina hiyo. Wakala wa fedha za simu aliyeanza siku na mtaji wa shilingi milioni 2 anatakiwa awe na milioni 2 jioni, floti na fedha taslimu zikijumlishwa, na kamisheni kando. Ikipungua elfu hamsini, ni shoti ya elfu hamsini, awe binamu au mtu baki. Ndivyo ilivyo kwa bodaboda ya mkataba, ambapo hesabu ya siku inajulikana kabla pikipiki haijawashwa. Biashara hizo zimejaa ndugu kwa ndugu, na ugomvi unapotokea, angalau pande zote mbili zinajua namba inayogombaniwa.

Baada ya kumrudisha mpwa kijijini, semina inashauri nini? Aajiriwe mgeni, mtu asiyekujua wala kujuana na watu wako. Ila katika maduka ya Dar es Salaam huyo mgeni mtupu haajiriwi. Mwombaji huambiwa alete barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili wenye makazi yanayojulikana. Wadhamini hao huwa ni baba mkubwa, shemeji, dada aliyeolewa Mbagala. Mgeni akitoweka na mauzo ya siku, watakaofuatwa ni hao. Mwenye duka anayekimbia ndugu zake anaishia kuegemea ndugu za mtu mwingine, watu asiowajua, ambao hawezi hata kukutana nao msibani.

Mantiki hiyo imepimwa pia mbali na hapa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, mchumi Rachel Heath alichunguza viwanda vya nguo vya Bangladesh, ambako wafanyakazi huwaleta ndugu na jamaa zao kazini. Alieleza kwamba viwanda huukubali utaratibu huo kwa sababu unafanya kazi kama dhamana. Mletwa akifanya vibaya, aliyemleta naye huumia katika mshahara wake, kwa hiyo ana sababu ya kumsukuma afanye vizuri. Uhusiano ambao semina inauita udhaifu, viwanda hivyo vimeugeuza kuwa chombo cha usimamizi.

Kariakoo haihitaji kufundishwa na Bangladesh. Wafanyabiashara wa Kikinga kutoka Makete wanajulikana kwa kuwachukua vijana wa ukoo au wa kijijini, kuwafanyisha kazi dukani kwa miaka, kisha kuwawekea mtaji waanze duka lao. Waigbo wa Nigeria wana utaratibu unaofanana nao, wa kijana kumtumikia tajiri kwa miaka iliyokubaliwa na mwishoni kuwezeshwa ajitegemee. Katika mifumo hiyo ndugu hakai milele kwenye kaunta akisubiri hisani. Anajua anatumikia nini, na anayeshindwa anajua anachokipoteza. Ndiyo ajira ya ndugu ambayo semina haiizungumzii, kwa kuwa inavuruga somo.

Sheria nayo haimtambui mtu anayeitwa "mpwa anayesaidia dukani". Tanzania Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka vigezo kadhaa, na mtu akitimiza hata kimoja tu, huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miongoni mwake ni kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kupangiwa saa za kazi, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, na kupewa vifaa vya kazi. Mpwa anayefungua duka alfajiri kwa ufunguo wa mjomba, akala kwa mjomba na kulala kwa mjomba, amevuka vigezo hivyo kabla ya saa nne asubuhi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yenyewe, saa zake na malipo yake. Haina kifungu kinachomsamehe mjomba.

Kuhusu utendaji duni, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zimeweka maswali ambayo kila kikao cha familia kingefaa kuyajibu kabla ya kumtupia kijana begi lake nje. Je, kweli ameshindwa kufikia kiwango? Alikijua kiwango hicho? Kiwango chenyewe kilikuwa cha haki? Ameshindwa kwa sababu gani? Alipewa nafasi ya kutosha ya kujirekebisha? Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, na amsikilize.

Mjomba wetu akiulizwa maswali hayo atakwama kwenye la pili.

Hayo yote hayamaanishi kwamba ndugu mzembe avumiliwe. Kuna wanaopinga semina kwa sababu mbaya, wale wanaosema damu nzito kuliko maji na kutaka mtoto wa shangazi abaki kwenye mshahara hata kama anakuja kazini kulala. Msimamo huo una madhara makubwa kuliko unavyodhaniwa, na anayeumia zaidi si mwenye mali. Ni muuzaji mwingine, asiye na ukoo na tajiri, anayebeba zamu mbili kwa mshahara mmoja kwa sababu mwenzake hagusiki. Akichelewa yeye anakatwa, akichelewa ndugu anaulizwa kama amekula. Mfanyakazi huyo huondoka, na aghalabu huondoka na wateja wake. Ni hasara isiyoonekana kwenye daftari, na mwenye duka huishia kuiita hali ngumu ya biashara.

Kwa hiyo ndugu aliyelipwa, akaelezwa kazi, akapimwa, akaonywa na kupewa muda, na bado hafiki, aondoke. Huenda kwanza ahamishwe. Kijana anayeshindwa na hesabu za kaunta anaweza kuwa hodari wa kufuata mzigo bandarini au kukusanya madeni, na mtu pekee anayejua vipaji vyake tangu utotoni ni huyo huyo ndugu aliyemwajiri. Asipofaa popote, apewe notisi yake, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi sheria ya Tanzania haiiruhusu kuwa chini ya siku 28, alipwe anachodai, na aende. Tajiri anayetaka kuendelea kumsaidia ana njia nyingi za kufanya hivyo nje ya duka. Ada ya VETA ni msaada wa wazi kuliko mshahara wa kazi isiyofanyika, kwa kuwa haumdanganyi kijana kuhusu uwezo wake wala haumdanganyi mwenye duka kuhusu gharama zake.

Ofisi ya umma ni habari nyingine kabisa. Mkuu wa idara anayemwingiza shemeji yake kwenye ajira anagawa nafasi isiyokuwa yake, iliyolipiwa na walipa kodi ambao watoto wao nao walistahili kushindania. Upendeleo wa namna hiyo haupati utetezi wowote hapa. Lakini semina zimechukua hasira halali ya wananchi dhidi ya ofisi hizo na kuimwagia kwenye duka la mtu binafsi, ambako anayechagua ndiye anayelipa na ndiye anayefilisika.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini kwa kuwa linagusa heshima. Wengi watakubali kwamba mkataba ni jambo jema, kisha waseme hauwezekani kwa ndugu. Dada atauliza, "Mnaandikiana kama wageni?" Kijana atajiona hakuaminiwa. Wazee watasema mambo ya nyumbani hayaandikwi.

Mambo ya nyumbani yanaandikwa sana. Mahari huandikwa, na kiasi kilicholipwa na kilichobaki kinajulikana kwa pande zote mbili. Vikao vya ukoo vya kugawa mashamba ya marehemu huwa na muhtasari na sahihi za mashahidi. Michango ya harusi huandikwa kwa ukali kuliko benki. Kamati ina mwenyekiti na mweka hazina, kila ahadi ina jina na tarehe, na orodha husomwa mbele ya watu, aliyelipa na ambaye hajalipa. Shemeji aliyeahidi laki moja akatoa hamsini husomewa salio lake hadharani, na hakuna anayesema kwamba ukoo umevunjika. Dada yule yule anayeuona mkataba wa mwanawe kuwa ni tusi ndiye aliyekaa kwenye kamati hiyo na daftari mapajani. Ukurasa mmoja unaotaja kazi, saa, mshahara na siku ya kuhesabu mzigo ni mfupi kuliko orodha aliyokuwa akiisoma, na mwenye duka anaweza kuuandika jioni ile ile kijana anapowasili, kabla hajamkabidhi ufunguo.